Kruza Anapoacha Kucheua

3 Machi
Mustansir, bosi wangu, kaniambia niandike kila siku habari za Kruza, eti wateja wanapenda ushahidi kuliko hadithi. Nikamwambia hadithi zangu ndizo ushahidi. Akanisukumia daftari na kalamu, akaendelea na chai yake.

Haya, naandika. Atakayesoma ajue anasoma maneno ya Ndesanjo, mtu wa Machame, aliyeishia kidato cha pili lakini akawaendesha Wajerumani Ngorongoro miaka mingi. Nimewahi kuwaonyesha simba ambaye kwa kweli alikuwa jiwe. Wakampiga picha na wakanishukuru. Utalii ulipolala nikaja mjini kwa Mustansir, tunauza mashine za kukamulia na dawa za kupe. Sasa tumeleta kola za ng'ombe, zile zenye kihisi ndani. Ng'ombe anavaa shingoni, kola inasikia anacheua, anatembea au amelala, inatuma habari kwenye mnara mdogo niliouweka juu ya bati, na habari zinafika kwenye simu.

Ng'ombe wa maonyesho ni wangu mwenyewe, Kruza, na ana mimba. Nilimpa jina hilo kwa sababu anapanda mlima wa huku Olmotonyi kwenye matope kama gari la miguu minne. Mstari wa mwenendo wake unaonekana kwenye runinga kubwa ya dukani. Mjini Arusha kuna matajiri wengi, lakini ni ng'ombe mmoja tu anayeonekana kwenye runinga kila siku, na ni wangu.

5 Machi
Jua kali. Kruza anacheua. Mimi nimeongea na wateja hadi sauti imekauka.

10 Machi
Mzee Gurmeet kaja dukani. Ana ng'ombe wengi wa maziwa upande wa Usa, na akinunua yeye, wengine watafuata. Alisimama mbele ya runinga kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Ndesanjo, huyu ng'ombe wako ana kikao?"

"Kikao gani, mzee wangu?"

"Kila siku saa nne anaacha kucheua. Anasimama, hatembei, hali. Baadaye analala na kucheua kama aliyetoka harusini. Jumapili hana kikao."

"Kruza ni Mlutheri, mzee. Jumapili anapumzika."

Mustansir akacheka. Gurmeet hakucheka. Akasema ng'ombe mwenye mimba kubwa hivyo haachi kucheua bila sababu, na kwamba nikishajua sababu nimwambie, ndipo tutaongea biashara.

Niliporudi nyumbani nilipitia siku zote za nyuma. Ni kweli. Tangu kola ivaliwe, kila siku ninayokuwa mjini, saa nne, mstari unashuka kama gari lililozimwa. Siku ninazoshinda nyumbani haushuki.

Saa nne ndiyo saa ambayo Nembris alikuwa akitoka shambani na mzigo wa majani, anamwaga horini, anakaa kwenye kigoda na kumwambia Kruza habari zote ambazo mimi sikuwa na subira ya kuzisikiliza.

11 Machi
Jana niliandika jina lake bila kusema ni nani. Nembris ni mke wangu. Alifariki Novemba, figo. Hatukujaliwa mtoto. Nimemzika hapa hapa, nyuma ya banda, kwenye migomba.

Kruza alitoka kwa kina Nembris. Siku ya harusi mama yake alitupa mtamba mweusi. Mama mkwe huyo anakaa ng'ambo ya kijito, lakini uso wake siujui vizuri. Kwa Waarusha mkwe na mama mkwe wanapishana kama magari kwenye daraja jembamba, lazima mmoja arudi nyuma. Akinisikia kwenye njia anaingia kichakani. Nikimwona kwa mbali najifanya natafuta kitu mfukoni. Ndiyo heshima. Nembris ndiye aliyekuwa anapita katikati na maneno ya pande zote mbili. Tangu tuzike, ng'ambo kimya.

18 Machi
Mvua imeanza usiku na imenyesha mchana kutwa. Meru haionekani.

Horini nimekuta majani mabichi ya mabingobingo ambayo sikuyakata. Mimi hukata marefu, namwagia tu, ng'ombe ana meno yake. Haya yalikatwa mafupi, urefu wa kidole, sawasawa. Alikuwa anakata hivyo Nembris peke yake, nami nilikuwa namtania kwamba anampikia ng'ombe mchicha.

Nilisimama pale muda mrefu. Kruza alinitazama kama mtu anayesubiri niondoke.

19 Machi
Nimemfuata jirani yangu, Mzee Lemomo, alikuwa anazibua mfereji wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dereva. Mvua imekukuta mjini?"

"Imenikuta. Mzee, nikiwa sipo, kuna mtu unamwona kwenye boma langu?"

Akachota tope, akalitupa, akachota lingine.

"Hakuna mtu ninayeweza kumtaja," akasema.

"Humjui au hayupo?"

"Dereva, nimekuambia. Hakuna ninayeweza kumtaja." Na akainama tena kwenye mfereji wake.

Nimewahi kumfukuza tembo kwa kofia. Lakini kutoka kwa Lemomo hadi mlangoni kwangu, hatua chache tu, nilitembea nikitazama nyuma.

24 Machi
Leo nimefanya ujanja. Nimetoka asubuhi na koti la kazi, nimemuaga Kruza kwa sauti, nimeshuka hadi barabarani, kisha nimerudi kwa njia ya msituni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Migomba ya mbele niliiona, ya nyuma sikuiona.

Nilikuwa sijafika bandani niliposikia mtu anavuma wimbo kwa pua, bila maneno. Ule wimbo wa kukamulia. Nembris alikuwa anauvuma vile vile, akifika katikati anakosea, anaanza upya. Huyu naye alifika katikati, akakosea, akaanza upya.

Halafu ukungu ukasogea kidogo, nikaona rangi ya chungwa. Sweta la Nembris. Mgongo, bega, mkono kwenye shingo ya Kruza.

Ningeita. Nina mdomo unaojulikana kutoka Sokon hadi Sekei, leo ulikuwa umekauka. Nikageuka, nikashuka mlima kwa matako zaidi kuliko kwa miguu. Nilipofika dukani Mustansir akaniuliza nimepigana na nani. Nikamwambia na barabara. Kwenye runinga Kruza alikuwa amesimama kimya.

25 Machi
Sikwenda kazini. Kruza amecheua siku nzima. Hakuna aliyekuja.

26 Machi
Nimekwenda kazini. Amekuja.

2 Aprili
Mustansir ananionea huruma, na huruma ya mfanyabiashara ni kukupa kifaa.

"Chukua kamera hii, Ndesanjo. Funga bandani. Utaona ni mwizi, ni paka, ni nini."

"Sitaki, bosi."

"Bure, bwana."

"Hata bure. Kamera ikionyesha mtu, nitakuwa na kazi ya kufanya. Isipoonyesha mtu, nitahama nchi."

Akanitazama, akairudisha rafuni. Ni mtu mwema. Mama yake alipofariki alifunga duka siku tatu, na siku ya nne nilimkuta anaongea na kiti cha mama huyo.

6 Aprili
Jumapili. Baada ya ibada nimekwenda kaburini. Mvua imelishusha upande mmoja. Kuna majani mabichi yamewekwa kichwani, yamefungwa fundo. Sikuyafunga mimi.

Nitaandika nilichosema, kwa sababu sijamwambia mtu. Nilimwambia: Nembris, kama unarudi, mimi sikuogopi. Ni uongo, lakini nilisema. Nikamwambia: nyumba ina mlango, kitanda chako hakijalaliwa na mtu, kikombe chako kiko pale pale. Miezi yote hii nalala na redio ili nisikie mtu anaongea. Kama unarudi, mbona unakwenda kwa ng'ombe?

Kruza alikuwa anacheua.

9 Aprili
Nimenunua seng'enge. Uwazi ule wa nyuma, unaotoka kijitoni hadi kwenye migomba, nimeuziba kwa mbao na seng'enge mistari saba, misumari ya bati. Kazi nzuri, hata faru angeomba njia nyingine. Lango la mbele nalo lina kufuli. Majirani wakiuliza, nimeweka kwa ajili ya wezi. Na kama si mwizi, basi aje aombe funguo kwangu mimi niliyemuoa.

10 Aprili
Leo saa nne Kruza hakusimama. Alitembea. Kwenye runinga mstari ulikuwa unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, kutoka ukutani hadi mlangoni, mlangoni hadi ukutani, mpaka mchana.

11 Aprili
Vile vile. Hakucheua hadi jioni.

14 Aprili
Vile vile. Mbavu zinaanza kuonekana, na tumbo lile kubwa katikati. Nimempa pumba, nimempa chumvi, nimempa hotuba. Ameangalia migomba tu.

Mzee Gurmeet kapiga simu. Nimemwambia sijui sababu, na kwamba kama anamtaka Kruza amchukue, azalie kwake. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Ana malori, atamfuata Jumamosi. Mustansir amenuna, anasema nauza sura ya duka. Bosi hajui kulala kwenye nyumba ambayo mgeni anakuja na hakutaki wewe.

15 Aprili
Lemomo amekuja mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi. Alisimama nje ya lango, fimbo begani.

"Dereva, ile seng'enge unamzuia nani?"

"Mwizi, mzee."

"Mwizi hajawahi kupita pale."

"Aliyepita ni nani?"

Akakohoa. Akatazama juu upande wa mlima, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa mawingu.

"Sisi hatuna desturi ya kumtaja mtu huyo kwenye boma lako. Lakini wewe ni mtu wa safari nyingi. Fikiri."

Nilifikiri, na kila nilivyofikiri nilipata baridi zaidi. Nikamwambia ng'ombe anaondoka Jumamosi, mambo yataisha.

"Anaondoka," akasema. "Na kaburi nalo linaondoka?"

Mvua ikaanza, akaenda zake bila kuaga.

17 Aprili
Nitaandika yote.

Nilikuwa dukani, namweleza mteja kuhusu betri, simu ikalia ule mlio wa hatari. Kola ilikuwa inasema Kruza analala, anainuka, analala, anainuka. Uchungu, na mapema kuliko tulivyopanga. Mustansir akasema, "Nenda, mimi nampigia daktari." Nikapata bodaboda, kijana akaniambia barabara ya juu imekatika. Nikamwambia mimi nimevuka mto wenye mamba, apande. Tulianguka mara mbili. Mwisho nikapanda kwa miguu, mvua inanipiga usoni kama changarawe.

Nimefungua kufuli, nimekimbia nyuma. Kabla sijafika bandani nikasikia sauti ya mwanamke. Nikasimama. Kusema kweli niliwaza kurudi. Lakini Kruza alilia, mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, na miguu ikaenda yenyewe.

Ndani alikuwapo mwanamke mzee, amepiga magoti kwenye majani, mkono mmoja umeingia ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko na mwingine umeshika mkia. Alikuwa na tope hadi kifuani. Alikuwa amevaa sweta la rangi ya chungwa, mkono wake umechanwa kutoka begani, na damu inatoka. Uwazi nilikuwa nimeuziba, lakini mfereji unapita chini yake. Alikuwa amelala ndani ya maji akatambaa chini ya seng'enge yangu.

Sweta lile la Nembris lilikwenda ng'ambo kwa mama yake siku ya kugawa nguo. Mimi mwenyewe nililikunja.

Aliponisikia hakuweza kujifunika, mikono yote ilikuwa kazini. Akageuzia uso ukutani. Nami, kwa mazoea ya miaka yote, nikatazama bati. Tukawa hivyo, yeye na ukuta, mimi na bati, ng'ombe anakufa katikati yetu.

Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Narok, mwambie huyo aliyeingia asisimame kama mgomba. Kuna kamba?"

Narok ndilo jina alilozaliwa nalo Kruza, yaani Mweusi kwa Kimaasai. Nilikuwa nimelisahau.

"Kruza," nikasema, "mwambie kamba ipo."

"Narok, mwambie ndama amegeuka, miguu ya nyuma imetangulia. Afunge juu ya kwato, avute nikisema. Na kiuno kikishatoka asipumzike hata kidogo, ndama atavuta maji."

"Kruza, mwambie nimesikia."

"Narok, mwambie asisikie tu, aje."

Nikapiga magoti kando yake. Bega langu na bega lake yalikuwa yanagusana, kitu ambacho kwao ni balaa, na hakuna aliyesogea. Nikafunga. Kruza akasukuma, yeye akasema "sasa" kwa ng'ombe, nami nikavuta. Nimewahi kuvuta gari la tani mbili kutoka kwenye tope la Serengeti mbele ya wageni waliokuwa wananipigia makofi. Halikuwa zito hivi. Tulivuta, tukangoja, tukavuta. Kiuno kikatoka, na sikupumzika, nikaanguka chali na ndama juu ya kifua changu.

Hakuwa anapumua.

"Narok, mwambie amwinue miguu."

Nikamwinua kichwa chini, maji yakamtoka puani. Yule mama akachomoa unyasi, akamtia puani, akauzungusha. Nikamsugua kwa gunia. Hakuna. Akauzungusha tena, na nikamsikia ananong'ona, si kwa Kimaasai wala Kiswahili, kwa ile lugha ya watu wanaoomba. Ndama akapiga chafya.

Ni jike.

Kruza akageuka, akaanza kumlamba. Sisi tukakaa pale pale tulipoanguka, kila mtu na upande wake wa kutazama. Mvua ilikuwa inapiga bati. Baada ya muda akasema polepole:

"Narok, mwambie mimi sikuja kuiba. Nilikuwa nakuja kwa mwanangu. Nikifika kwake pale kwenye migomba miguu inakataa, siwezi kukaa. Ndiyo maana nakaa kwako."

Nikaokota kamba, nikaikunja.

"Kruza," nikasema, "mwambie sikujua. Mwambie nilidhani ni mwenyewe."

Alikuwa anavuta ule mkono wa sweta uliochanika, anajaribu kuufunika.

"Mwambie hata mimi," akasema kwa ukuta. "Nalivaa nikidhani labda ataona, aje."

Nikalia. Ndiyo, mimi. Nimelia kwenye kinyesi cha ng'ombe, mbele ya mama mkwe, na sijali nani atasoma.

Alipoinuka alielekea mfereji ule ule, kwa sababu ndiyo njia ya kutonipita. Nikatangulia, nikachukua nyundo, nikang'oa mbao zote na mistari yote saba ya seng'enge. Nikasimama nimemgeuzia mgongo hadi nikasikia nyayo zake zimevuka kijito.

18 Aprili
Ijumaa Kuu. Daktari hakufika jana, barabara ilimshinda. Nimempigia Mzee Gurmeet, nimemwambia lori lisije. Akauliza ile sababu ya saa nne. Nikamwambia, "Alikuwa ana mgeni, mzee." Akasema, "Basi kola yako inafanya kazi." Hakusema kama atanunua. Sikuuliza.

19 Aprili
Ndama anasimama. Anaanguka. Anasimama.

21 Aprili
Nimemwomba Lemomo apeleke neno ng'ambo, maana mambo ya mkwe lazima yapite kwa mtu wa tatu, na ng'ombe hawezi kutumwa. Nimesema: ndama yule ni wake. Akikua vya kutosha aende akakae kwake. Na kaburi, tulisawazishe pamoja mvua ikipungua, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Lemomo akasema, "Umechelewa kufikiri, dereva."

"Nilikuwa mbali, mzee."

"Ulikuwa hapa hapa."

26 Aprili
Kruza anacheua vizuri. Usiku nyumba bado ni kubwa. Jana nilizima redio ili nisikie kama kuna mtu. Hakuna mtu. Sasa najua kwamba hakuwahi kuja, na nitaandika ukweli wake: nilikuwa na heri kidogo wakati ule nilipokuwa naogopa.

5 Mei
Mvua imepungua, Meru imetoka, ina vumbi jeupe la theluji juu. Leo tumesawazisha udongo. Tuliweka kanga ya Nembris kwenye kamba kati ya migomba miwili, mama mkwe akawa upande ule, mimi upande huu. Nilisikia jembe lake na yeye alisikia langu. Lemomo alikaa kwenye jiwe akisema nani asogeze udongo wapi, kama trafiki.

Tulimaliza. Ndama alikuwa amepita chini ya kanga, anakwenda huku na huku bila kujua mpaka uko wapi.

Kisha sauti ikasema, kutoka upande ule: "Paashe."

Lemomo akainua kichwa. Ni neno wanaloitana watu waliopeana ndama. Ukishaitwa hivyo, wewe si mkwe kupitia marehemu tena, wewe ni mtu wao kwa haki yako mwenyewe, hadi mmoja wenu azikwe. Hakumwambia ng'ombe amwambie mtu. Aliniita mimi.

"Paashe," akasema tena, kwa sababu nilichelewa.

"Oe," nikaitika.